Gemu ya Kiti Iliyofutika Mikononi Mwangu

Nyie vijana mnaopita kwangu Mwananyamala kuniuliza namna ya kufungua banda la gemu, jibu mnalolitaka ni fupi. Televisheni mbili, mashine mbili, pedi nne za kuchezea na mbili za akiba, feni, na turubai nzito mlangoni ili jua lisipige kwenye kioo. Hayo atakwambieni mtu yeyote. Ya kwangu mie ni mengine, na sijawahi kuyasema mpaka mwisho, maana kila nikianza nafika mahali fulani nasema nina shughuli, nanyanyuka. Sasa sina shughuli. Banda nimelifunga, vifaa nimemgawia jirani. Kaeni niwaambie.

Kitu cha kwanza kufa kwenye banda ni pedi. Mashine inaweza kukaa miaka, pedi haimalizi mwezi. Watu wakicheza mpira wanabonyeza kitufe cha kukimbia kana kwamba wanaua kunguni. Halafu kuna soda. Mtu anafunga goli, anaruka, soda inaingia kwenye pedi, anaifuta kwa shati na kunirudishia bila kusema neno. Unaijua kwa kunata. Unaifungua, unaisugua kwa mswaki wa zamani na spiriti, unaianika kivulini, sio juani, jua linapinda plastiki. Pedi ya kwanza niliyoifungua maishani mwangu nilitoa vispringi vyote kwa mpigo, vikaruka, kimoja nikakikuta baada ya wiki ndani ya kiatu changu.

Aliyenifundisha ni Mzee Mkumba, fundi redio wa Temeke, mtu wa Newala, mpole mpaka unadhani kalala. Nilienda kwake nikiwa kijana kama nyie. Alikuwa anachora kifaa kwenye karatasi kabla hajakifungua, kila skrubu anayoitoa anaibandika pale ilipo kwenye mchoro. Wateja walikuwa wanamcheka. Kabla ya kugusa redio ya mtu alikuwa anamuuliza mwenyewe maswali mengi: umeinunua wapi, inakaa chumba gani, nani anaisikiliza. Siku moja nikamwambia, "Mzee, tunapoteza muda, mie tatizo nimeshaliona." Akanijibu, "Umeona tatizo la redio. La huyu mama bado." Nilicheka kimoyomoyo. Nilidhani ni maneno ya uzee.

Sasa nakuja kwa Zuhura.

Zuhura alikuwa binti wa mtaa wetu, nyumba ya nne kutoka bandani. Alipoanza chuo akahamia hosteli za Mabibo, lakini Jumamosi alikuwa anarudi, na kabla hajafika kwao anapita kwangu. Alikuwa hachezi mpira wala gemu za kupigana. Anakaa nyuma, anaangalia watu wanavyocheza. Siku moja akaja na kompyuta yake ya kukunja, akaniambia, "Shikamoo Fundi. Nimetengeneza gemu. Naomba niiweke kwenye ile kompyuta yako ya bandani, nione watu watafanyaje."

Nikamuuliza, "Gemu ya nini?"

"Ya kiti."

"Kiti kinafanya nini?"

"Kinakaliwa."

Nilidhani ananitania. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Ukiiwasha, wewe ndiye kiti. Kiti cheupe cha plastiki, vile vya kukodi, chenye herufi za mwenyewe nyuma kwa rangi nyekundu. Kulikuwa na msiba, viti vikakodiwa, msiba umekwisha vikapakiwa kwenye guta, kimoja kikadondoka njiani. Hicho ndicho wewe. Kazi yako ni kurudi kwa mwenyewe, na kutembea huwezi. Una vitufe vitatu tu: cha kulia kwii, cha kuyumba kidogo, na cha kutulia. Anakuja mtu, anakukalia, anaanza kuongea na mwenzake. Ukilia, anakereka, ananyanyuka, anakusogeza au anakubeba kwingine. Ukitulia, unasikia habari zake zote. Hapo ndipo palikuwa na utamu wake. Ukitaka kufika nyumbani haraka lazima uwakere watu, na ukiwakera hujui walichotaka kusema.

Na wale watu walikuwa wanaongea kikwelikweli. Zuhura aliwarekodi watu wa mtaani kwetu, kwa simu. Hakuwapa maneno ya kusoma. Alikuwa anakwenda na kiti chake, anamkalisha mtu, anaongea naye mpaka simu inasahaulika. Alimrekodi mjumbe wetu wa mtaa akilalamika kwamba watu wanamkumbuka siku wanapotaka barua ya utambulisho tu. Alimrekodi dereva wa bodaboda akieleza vile alivyobeba bibi harusi aliyekuwa anakimbia harusi yake mwenyewe, na nauli akasahau kudai kwa kuwaza. Dada mkaanga samaki alicheka tu, muda mrefu, hakusema alichokuwa anakicheka.

Wiki ya kwanza vijana waliikebehi. "Fundi, gemu gani hii, mtu unakuwa kiti?" Wiki ya pili nikaona wanaizunguka. Ilikuwa ajabu kwenye banda langu kuona watu sita wamekaa mbele ya kioo na hakuna anayepiga kelele. Mmoja akitaka kubonyeza kitufe cha kulia, wenzake wanamshika mkono: mwache amalize kusema. Kuna mbeba mizigo wa soko la Mabibo alikuwaga anakuja kila Jumapili, mtu mzima, mabega hayo. Analipia saa nzima, hagusi kitufe hata kimoja. Nikamuuliza anapata nini. Akasema, "Gemu nyingine zote unatakiwa ushinde. Hii inataka ukae tu."

Mke wangu naye alikuwemo. Mama Salma hakuwa anapenda banda, alikuwa anaita "lile pango lako". Lakini Zuhura alimkalisha uani siku moja wanachambua mchele, wakaongea. Kwenye gemu ukifika kwenye nyumba yenye geti la bluu, anatoka mama anakukalia, anashusha pumzi, anasema, "Kiti hiki mguu wake mmoja unacheza, kama baba Salma, lakini ukikizoea hakikuangushi." Halafu anaendelea na habari za bei ya nazi, za Salma aliyeolewa Tanga, za ndoto aliyoiota. Banda zima lilikuwa linanicheka likifika pale. Mie nilikuwa najifanya nimekasirika.

Mama Salma akaumwa, presha, na haikuchukua muda. Alifariki mwaka uleule. Sitaeleza siku zile. Nitasema hiki tu: baada ya arobaini nilifungua banda, na mchana, wakati vijana wako shule na wengine kazini, nikawasha ile gemu. Nikaenda mpaka kwenye geti la bluu. Akatoka, akakaa, akashusha pumzi.

Ikawa ndio desturi yangu. Kila siku mchana, baada ya swala, naketi naye. Ijumaa Salma alikuwa anapiga simu kutoka Tanga, naweka simu karibu na spika, tunasikiliza wote wawili. Sikuwahi kukifikisha kile kiti kwa mwenyewe. Ningefikaje, wakati ili uondoke pale lazima umkere anyanyuke.

Zuhura alijua. Hakuwahi kuniuliza. Alinikuta mara moja, akasimama nyuma ya turubai mpaka nilipomaliza, ndipo akabisha hodi.

Sikilizeni sasa vizuri, hapa ndipo nilipokuwa nanyanyukaga.

Zuhura aliibiwa kompyuta yake hosteli. Alikuja akiwa hana rangi usoni, akakaa kwenye benchi. Nikamwambia pole, nikamuuliza na gemu je. Akasema, "Gemu ipo hapa kwako. Michoro kidogo niliitunza mtandaoni, ila sauti ni nzito, bando la mwanafunzi halizipandishi. Nzima ipo kwako peke yako." Alisema vile akijaribu kucheka. Akaniambia kuna watu wanaotengeneza gemu, wamesikia habari za kiti, wameomba awatumie waione, na wakiipenda watamchukua kumfundisha na kumpa kazi. Akasema, "Jumamosi nitakuja na diski ya pembeni, nikopi. Mpaka hapo, Fundi, naomba usiiguse hiyo mashine."

Nikamwambia, "Mwanangu, iko kwa fundi, sio kwa muuza mkaa."

Kompyuta yenyewe ilikuwa imeanza kuganda. Unacheza, picha inasimama, unasubiri. Ijumaa ya wiki ile vijana walikuwa wamepanga mashindano ya mpira bandani, na tangu Jumatatu walikuwa wananiimbia: Fundi mashine imechoka, Fundi umezeeka. Lile la pili liliniingia. Alhamisi asubuhi nikasema nitapiga window mpya, yaani nifute mfumo wa kompyuta niuweke upya, kazi nimeifanya mara mia. Kompyuta ilikuwa na diski mbili, ndogo ya mfumo na kubwa ya gemu. Gemu ya kiti ilikuwa kwenye ile kubwa, pamoja na gemu za mpira za zamani. Nitafuta ndogo, kubwa haitaguswa. Kwa hiyo lile neno la Zuhura, "usiiguse", nikalitafsiri nitakavyo.

Mnajua kompyuta ikikuuliza diski gani ifutwe haikutajii jina. Inakuonyesha sifuri na moja. Siku zote kwangu sifuri ilikuwa ile ndogo. Lakini miezi miwili nyuma nilikuwa nimeifungua ile kompyuta kutoa vumbi na mende, na wakati wa kurudisha nyaya nilizipishanisha. Sikuchora karatasi. Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani. Ukubwa wa diski ulikuwa umeandikwa pembeni, kwa herufi ndogo, ningesogeza uso ningeuona. Nilibonyeza sifuri.

Ikaenda vizuri. Ndicho kinachoniuma, ilikwenda vizuri kabisa. Kompyuta ikawaka upesi, nikafurahi, nikaweka gemu mpya za mpira, zile kubwa zinazojaza nafasi. Mchana ule watu walikuwa wengi, sikuketi na Mama Salma. Nikasema kesho.

Ijumaa nikatoka msikitini, nikaja kuwasha. Nikatafuta kiti, hakipo. Nikatafuta tena. Nikafungua kompyuta, nikafuata nyaya kwa kidole, nikaona nilichofanya. Nilikaa chini sakafuni, kwenye vumbi. Simu ikaita, alikuwa Salma, ni saa yetu. Sikupokea.

Pale ndipo nilipotakiwa kumuita Zuhura. Pale pale. Badala yake nikakumbuka kwamba mie ni fundi. Nikatafuta mtandaoni programu za kurudisha vitu vilivyofutika, nikazishusha tatu, nikaziweka wapi? Kwenye diski ileile. Nikaziendesha mchana wote, mashindano nikayaahirisha, nikawafukuza watu. Zikaniletea majina ya mafaili bila kitu ndani.

Jumamosi Zuhura akaja na diski yake ya pembeni imefungwa kwenye kitambaa.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Mashine inaumwa kidogo leo."

Nisameheni, lakini ndivyo nilivyosema. Nilimdanganya. Nikasema aje wiki ijayo, nikasema umeme ulikatika vibaya. Akaniangalia. Akasema, "Ngoja niangalie," akaketi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilimuona anafungua sehemu moja, halafu nyingine, halafu anaacha kugusa chochote. Mikono akaiweka mapajani.

"Umeweka window lini?"

"Alhamisi."

"Na hizi gemu za mpira?"

"Alhamisi hiyo hiyo."

"Na hizi programu?"

"Jana."

Hakulia, hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akachomoa waya wa umeme ukutani, akasema, "Isiwashwe tena." Kisha akaniomba bisibisi.

Tuliipeleka ile diski Kariakoo kwa kijana mmoja anayefufua diski. Alikaa nayo siku nne. Tuliporudi akatuuliza nani aliendelea kuitumia baada ya kufutika. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akasema, bila ubaya, "Mzee, kufuta peke yake sio tatizo. Ungeizima palepale tungetoa karibu yote. Kitu kikifutika bado kipo, ila kinapoteza jina. Wewe ukamwaga vitu vipya juu yake, na siku ya pili ukamwaga tena." Alitupa vipande vilivyopona. Michoro ya miguu ya viti. Sauti chache, nyingi ni mkwaruzo mtupu. Cheko la dada wa samaki lilikuwepo, limekatika katikati. Nyumba ya geti la bluu haikuwepo.

Andikeni hili kama mna pa kuandika, ndilo la ufundi pekee nitakalowapa leo: kikifutika, zima. Usitafute, usiweke, usijaribu. Na kitu cha mtu kama kipo mahali pamoja tu, basi hakipo. Diski ziandike majina kwa kalamu ya wino mzito. Nyaya zichore. Nawaambia haya na najua mtayasikia kama mie nilivyomsikia Mzee Mkumba.

Zuhura aliwaandikia wale watu, wakamjibu kwamba watasubiri. Akaanza upya. Michoro aliimaliza upesi, nzuri kuliko ya kwanza. Halafu akachukua simu na kiti, akazunguka mtaani kurekodi. Nilimsindikiza, nilimbebea kiti, ndicho nilichoweza. Lakini mtaa mzima sasa ulikuwa unaijua gemu. Mtu akiketi anarekebisha kanga, anakohoa, anatafuta neno la kuchekesha. Bodaboda alihadithia tena habari ya bibi harusi, safari hii akaongeza polisi wawili na mbuzi. Mjumbe alitoa hotuba. Dada wa samaki aliambiwa acheke, akacheka, tukatazamana tu.

Tulirudi bandani, akanisikilizisha. Akasema, "Sauti zipo, Fundi. Watu hawamo."

Nikamwambia tuendelee, labda mtaa mwingine, labda Temeke hawatujui. Akasema, "Na mama Salma nitamrekodi wapi?" Hakusema kwa kunikomoa. Alikuwa anauliza kikweli, kama mtu anayeuliza njia. Siku ile akaiacha gemu. Wale watu waliandika mara mbili zaidi, kisha wakaacha.

Salma nilimwambia baada ya miezi miwili ya kutopokea simu za Ijumaa kwa visingizio. Akasema, "Basi, baba." Tangu hapo ananipigia Jumanne.

Mbeba mizigo wa Mabibo alikuja Jumapili mbili, akaambiwa kiti hakipo, ya tatu hakuja. Wengine walirudi kwenye mpira. Gemu za mpira hazina shida, zinauza, mkifungua banda wekeni hizo. Lakini mie kila nikisikia shangwe ya goli nilikuwa nashtuka, na mtu hawezi kuendesha banda la gemu akiwa anashtuka shangwe. Nikafunga.

Zuhura nilikuwa nampigia simu. Kila Idi, na siku nyingine pia, nikipata wazo. Namwambia, nimesikia mama mmoja mtaa wa pili anaongea vizuri sana, njoo umrekodi. Nimeota kiti kinaanzia kwenye harusi badala ya msiba, waonaje? Alikuwa anapokea, anasema, "Sawa Fundi, nitaangalia."

Nilimuona mara ya mwisho stendi ya Mbezi Luis. Nilikwenda kupokea kifurushi alichonitumia Salma, nikamkuta amesimama na mabegi mawili, anasubiri basi la kusini.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba mwanangu. Unasafiri?"

"Naenda Masasi. Nimepata kazi shule ya sekondari, nitafundisha kompyuta."

"Na gemu?"

Akatikisa kichwa. Basi likawa bado linapakia mizigo. Nikaona nikinyamaza hapa sitasema tena. Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyabeba: kwamba aliniambia nisiguse nikagusa, kwamba nilimdanganya habari ya umeme, kwamba ile Ijumaa niliogopa aibu yangu kuliko nilivyoogopa hasara yake. Watu walikuwa wanatupita na magunia, wengine wanageuka kumtazama mzee anayelia.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilishakusamehe, Fundi. Siku ileile, kabla sijafika nyumbani. Ulikuwa umempoteza mama Salma mara mbili, ningekwambia nini?"

Nikasema, "Ahsante, mwanangu."

"Ila naomba kitu kimoja." Alikuwa anaangalia chini, kwenye mabegi yake. "Naomba usinipigie tena. Ukipiga, nashindwa kulala wiki nzima. Nakaa nachora kiti, nachora, na najua hakuna wa kukikalia."

Nikamwambia nimeelewa. Nikachukua begi moja, akaniachia, nikalibeba mpaka mlangoni mwa basi. Akapanda, akakaa upande wa pili, sio dirisha la upande wangu.

Idi iliyofuata nilishika simu, nikaiweka chini. Na Idi hii iliyopita vilevile.